UZI: Kuunda barua pepe ya biashara inayosomeka kwenye simu ya mteja

#1 — mchora_nakuru

Wadau, hamjambo. Nafungua uzi huu kwa wenye maduka, hoteli, sacco na agrovet za Nakuru, Kisumu na magharibi mwa Kenya kwa jumla ambao wanatuma barua pepe kwa wateja na majibu hawayaoni.

Barua pepe nyingi za biashara huku kwetu huzaliwa kama bango la WhatsApp. Mtu anachora mraba wa pikseli 1080 kwa 1080, anaujaza picha, bei, namba ya till (ya kulipia kwa M-Pesa) na maelekezo ya duka, halafu mraba uleule unabandikwa ndani ya barua pepe. Kwenye kompyuta ya aliyeuchora unapendeza. Kwenye simu ya mteja hausomeki, na hesabu yake ni rahisi. Simu nyingi za Android zina upana wa mpangilio wa pikseli 360 hadi 412. Hizo sizo nukta za kioo chenyewe, ni kipimo ambacho programu hutumia kupanga maandishi. Gawanya 1080 kwa 360 upate 3. Kwa hiyo herufi uliyoichora kwa ukubwa wa 24 inamfikia mteja ikiwa 8. Ili aione kwa ukubwa wa 16, ambao ndio wa kusomeka bila kukaza macho, bangoni ungepaswa kuichora kwa 48. Jaribu kuandika masharti ya ofa kwa herufi za 48 uone yatakavyokataa kuenea.

Ndiyo maana nasema maneno yatoke kwenye picha yawe maandishi halisi. Ukubwa wa herufi ni sababu ya kwanza tu. Mteja akizima picha ili kuokoa bando, bango linakuwa kisanduku kitupu. Akitaka kunakili namba ya till, hawezi kuishikilia kwa kidole ikiwa imo ndani ya picha. Akitafuta neno "mbolea" kwenye kisanduku chake wiki mbili baadaye, barua yako ina hatari ya kutojitokeza. Na asiyeona anayetumia TalkBack, programu ya Android inayosoma skrini kwa sauti, huenda akasomewa jina la faili tu.

Vipimo ninavyovitetea ni hivi. Safu moja. Upana usizidi pikseli 600 kwenye kompyuta, na kwenye simu ujikunje hadi upana wa skrini. Ukingo wa pikseli 20 kila upande. Maandishi ya kawaida 16, na urefu wa mstari (juu hadi chini) 24. Kichwa cha ndani 24 hadi 26. Maandishi madogo ya chini kabisa yasishuke 14, maana ukienda chini ya 13 programu ya Mail ya iPhone huyakuza yenyewe na kuvuruga mpangilio wako. Ukitaka isiyaguse kabisa, weka "-webkit-text-size-adjust:100%" kwenye msimbo wa barua.

Upana wa 360 ukitoa kingo mbili unabaki 320. Kwa Arial ya 16 unapata takriban herufi 40 kwa mstari. Andika ukijua hivyo: aya ya sentensi mbili au tatu inatosha. Aya ya mistari mitano kwenye kompyuta inakuwa mistari kumi kwenye simu, na mtu anaipita kwa kidole kama anavyopita tangazo la barabarani.

Karibuni muongeze.

#2 — agrovet_kitale

Asante mkuu. Nina swali. Barua yetu ina bidhaa mbili kwa kila mstari, mbegu kushoto, mbolea kulia. Haina bango, ni maandishi kabisa. Kwenye iPhone ya mhasibu iko sawa, lakini kwa Gmail ya simu za Android maandishi yote yanakuwa madogo kama mchanga, hata yale ya utangulizi ambayo hayamo kwenye safu mbili. Herufi tumeweka 14. Tatizo liko wapi?

#3 — msimbo_kakamega

@agrovet_kitale jedwali lako limefungwa upana wa 600. Gmail ya Android ina mpangilio wa kutosheza ujumbe kwenye skrini. Ikikuta kitu kisichotaka kupungua chini ya 600, hupunguza barua nzima hadi iingie kwenye 360. Hiyo ni mara 0.6, kwa hiyo herufi zako za 14 zimekuwa 8.4. Ndiyo sababu hata utangulizi umeathirika: kitu kimoja kipana huadhibu barua nzima.

Tiba ya kwanza ni kuondoa "width:600px" na kuweka "width:100%; max-width:600px". Hapo jedwali linajikunja lenyewe. Kuna mtego mmoja: Outlook ya zamani ya Windows, ile inayowekwa kwenye kompyuta na ambayo tangu 2007 hutumia injini ya Word kuonyesha barua, haielewi max-width. Itaitandaza barua yako hadi ukingoni. Kwa hiyo nje ya jedwali lako unaweka jedwali jingine la upana wa 600 ndani ya maoni ya masharti ambayo Outlook peke yake huyasoma. Mafundi huliita jedwali la mzimu. Programu nyingine zote hulipita kana kwamba halipo.

Tiba ya pili ni ya safu mbili. Wengi hutumia kanuni ya skrini, yaani "@media" inayosema skrini ikiwa chini ya 480 basi safu zipangwe moja juu ya nyingine. Gmail imeikubali tangu Septemba 2016, lakini kuna shimo: mtu akiweka akaunti isiyo ya Gmail ndani ya programu ya Gmail, mathalani anwani ya kazini ya .co.ke, programu hiyo hutupa mitindo yote iliyoandikwa kichwani mwa msimbo wa barua (sehemu ya <head>). Kanuni yako ya skrini inapotea na safu zinabaki zimebanana. Wateja wa namna hiyo ni wengi, maana watu wa ofisi wana anwani za kazini na simu za Android.

Kwa hiyo jenga safu ambazo hujipanga bila kuomba ruhusa. Kila safu iwe "display:inline-block; width:100%; max-width:280px; vertical-align:top". Mbili zikikaa kwenye 560 zinasimama bega kwa bega. Zikikaa kwenye 320 ya pili inashuka chini yenyewe. Kisanduku kinachozibeba kipe "font-size:0", la sivyo nafasi tupu kati ya safu mbili kwenye msimbo huhesabiwa kama herufi na kuisukuma safu ya pili chini hata kwenye kompyuta. Halafu rudisha ukubwa wa 16 ndani ya kila safu. Hiyo ndiyo hatua inayosahaulika, na mtu hushangaa maandishi yamekwenda wapi.

Ya kushoto ndiyo itakayokuwa juu kwenye simu. Mbegu kwanza, mbolea baadaye. Hakikisha picha na maelezo ya bidhaa moja yako ndani ya safu moja. Ukiweka picha mbili kwenye mstari wa kwanza na maelezo mawili kwenye mstari wa pili, kwenye simu utapata picha, picha, maelezo, maelezo, na mkulima hatajua bei ni ya kipi.

Usiyependa kuandika haya yote kwa mkono tumia zana iitwayo MJML. Unaandika vipande vifupi, yenyewe inakutolea HTML, yaani msimbo wa barua, yenye majedwali ya mzimu tayari. Upana wake wa kawaida ni 600 na safu hushuka chini ya 480. Safu zake lakini hutegemea kanuni ya skrini, kwa hiyo kwa wale wa akaunti za kazini ndani ya Gmail zitajipanga kama simu hata kwenye skrini pana, jambo ambalo halidhuru.

#4 — agrovet_kitale

Nimeelewa. Kwa hiyo bora safu mbili ziondoke kabisa?

#5 — mchora_nakuru

Kwa maoni yangu ndiyo, dada au kaka. Orodha ya bidhaa sita kwa safu moja: picha ndogo ya 80 kwa 80 kushoto, jina na bei kulia, mstari mwembamba, bidhaa inayofuata. Mpangilio huo hauhitaji kushuka popote, kwa sababu 80 na pengo la 16 vinaacha 224 za maandishi. "Mahindi H614D, kilo 2" inaingia bila kuvunjika kwa herufi za 16.

#6 — dunga_beach

Naongeza kuhusu kichwa cha barua, yaani mada anayoiona mteja kabla ya kufungua (subject), maana hapo ndipo vita huanzia. Kwenye simu mteja huona herufi 30 hadi 40 za kichwa, zilizobaki hukatwa. Angalia hiki:

"Kampuni yetu inawatangazia wateja wapendwa kuwa mbolea ya CAN imefika"

Ukihesabu hadi herufi ya 33 umefika "wateja", na hujasema kitu. Heshima ya kumsalimia mteja ni nzuri na ni yetu, lakini nafasi yake ni ndani ya barua. Sasa hiki:

"Mbolea ya CAN imefika Kitale"

Herufi 28, na kila kitu kimo. Kiswahili kina tabia ya kulibebesha neno moja mambo mengi: "inawatangazia" peke yake ni herufi 13. Kwa hiyo anza na nomino yenye thamani kwa msomaji: mbolea, ngege (tilapia), vyumba, mkopo, karo. Kitenzi kije baada yake.

Chini ya kichwa kuna dokezo, ule mstari wa kijivu. Usipouandika, Gmail huchukua maneno ya kwanza inayoyakuta, na mara nyingi ni "Bofya hapa kama huoni barua hii vizuri". Nafasi ya dhahabu imekwenda. Andika dokezo la herufi 40 hadi 80 mwanzoni kabisa mwa barua, ulifiche kwa mtindo, na liendeleze kichwa badala ya kukirudia. Kwa mfano wa juu: "Gunia la kilo 50. Chukua dukani au tukuletee hadi Jumamosi."

Jina la mtumaji nalo liwe fupi, chini ya herufi 20 hivi. Mteja analifahamu duka kwa jina lililo juu ya mlango. Lile refu la kwenye cheti cha usajili huenda hajawahi hata kulisoma.

Emoji mimi nazikwepa kwenye kichwa. Simu yenye Android ya zamani ikikutana na emoji mpya huonyesha kisanduku kitupu.

#7 — mama_mboga_digital

@dunga_beach kwa emoji sikubaliani sana. Zile za siku nyingi, kama samaki, mahindi na ng'ombe, hufunguka karibu kila simu. Cha kuepuka ni zilizotoka miaka ya karibuni. Moja, mwisho wa kichwa, isishike nafasi ya neno. Usiandike "🐟 wa leo" ukitegemea picha ikusomee neno samaki.

Na kwa kuwa nimetaja ng'ombe: kile kikoma cha juu. Word na simu hukigeuza kuwa kikoma kilichopinda. Barua ikitumwa bila kutangaza UTF-8, yaani mfumo wa kusimba herufi, mkulima anasoma "ngâ€™ombe". Tangaza UTF-8 kichwani mwa HTML na kwenye mpangilio wa huduma ya kutuma. Kisha tafuta maneno yote yenye ng', ng'ombe, ng'oa, ng'ara, na uandike kikoma kilichonyooka. Kwa biashara ya maziwa kosa hili linajitokeza kwenye kila barua.

#8 — dunga_beach

Hiyo ya ng' ni kweli kabisa, na kwa emoji za zamani nakubali.

#9 — mchora_nakuru

Nirudi kwenye urefu wa maneno ya Kiswahili, maana miongozo mingi ya mpangilio imeandikwa kwa Kiingereza ambacho maneno yake ni mafupi.

Kwanza, usinyooshe kingo zote mbili. Kwenye mstari wa herufi 40 wenye maneno kama "mnakaribishwa" au "tutawasafirishia", programu hulazimika kutawanya maneno matatu yaliyobaki na kuacha mashimo katikati. Panga kushoto, ukingo wa kulia uache ulivyo. Kuweka katikati kunafaa kwa kichwa cha mstari mmoja au miwili, lakini aya nzima iliyowekwa katikati humfanya msomaji atafute mwanzo wa kila mstari.

Pili, kichwa cha ndani cha 32 kinachopendeza kwa Kiingereza kwetu hukwama. Kwenye upana wa 320, herufi nene za 32 ni kama 17 au 18 kwa mstari. "Tunawakaribisheni" ni herufi 17. Ikizidi hapo, neno moja halina mahali pa kuvunjika, linasukuma jedwali kuwa pana, na Gmail inapunguza barua nzima kama @msimbo_kakamega alivyoeleza. Ndiyo maana nimesema 24 hadi 26. Kiungo kirefu kilichoandikwa wazi huleta shida hiyohiyo. Kifiche nyuma ya maneno, au weka "word-break:break-word" kwenye kisanduku chake.

Tatu, taja lugha. Mwanzoni mwa HTML weka lang="sw". Kisomaji cha skrini chenye sauti ya Kiswahili kitajua kusoma "mche" kama mche.

Nne, saa. Hili ni la usomaji zaidi ya mpangilio lakini limewapoteza wateja wengi. "Duka linafunguliwa saa 8": mmoja atasoma saa nane mchana, mwingine nane ya Kizungu asubuhi. Andika "saa mbili asubuhi" kwa maneno, au "08:00" kwa tarakimu nne. Usiandike "saa 8" peke yake.

#10 — bungoma_hoteli

Na vitufe? Tuna vitatu: weka nafasi, tupigie, na WhatsApp. Wateja wanalalamika wanagusa kimoja kinafunguka kingine.

#11 — msimbo_kakamega

Vidogo na viko karibu mno. Apple hupendekeza eneo la kugusa lisipungue 44 kwa 44, na Google 48 kwa 48. Hesabu ya 48 ni hii: herufi 16, urefu wa mstari 20, padi (nafasi tupu ya ndani) 14 juu na 14 chini. Jumla 48. Upande kwa upande kitufe kijaze upana wote wa simu, ili mtu anayeshika simu kwa mkono mmoja akiwa kwenye matatu akifikie kwa kidole gumba cha mkono wowote. Kati ya kitufe na kitufe acha 12 hadi 16.

Rangi ya kitufe iweke kwenye seli ya jedwali, padi iweke kwenye kiungo chenyewe pamoja na "display:block". Ukiweka rangi kwenye kiungo tu, Outlook ya Windows haiheshimu padi ya kiungo na kitufe kinakuwa kamba nyembamba ya rangi nyuma ya maneno. Ukiweka padi kwenye seli tu, kitufe kinaonekana kikubwa lakini kinachoitikia kidole ni maneno ya katikati pekee. Huenda hilo ndilo linalowasumbua wateja wako.

Usitengeneze kitufe kwa picha. Picha zikizimwa, umepoteza mauzo.

#12 — dunga_beach

@bungoma_hoteli punguza viwe kimoja kikubwa. "Weka nafasi" kiwe kitufe, na vingine viwili viwe viungo vya maandishi chini yake, kila kimoja mstari wake na padi ya 12. Vitufe vitatu vyenye rangi sawa vinamwachia mteja kazi ya kuchagua.

Kiungo cha simu kiandikwe "tel:+254" kisha namba bila sifuri ya mwanzo. Cha WhatsApp ni "https://wa.me/254" na namba, hapa hakuna alama ya kujumlisha wala sifuri. Kosa la kila siku ni "wa.me/07", na WhatsApp husema namba haipo. Unaweza kuongeza ujumbe tayari: "?text=Habari%20nataka%20chumba". Nafasi kati ya maneno iandikwe %20, vinginevyo baadhi ya programu hukata kiungo kwenye neno la kwanza.

#13 — mama_mboga_digital

Na M-Pesa. Watu hujaribu kutengeneza kitufe cha *334#. Kwa iPhone hakitafanya kazi, maana programu ya simu ya Apple haipigi kiungo chenye nyota au reli. Acha hiyo njia. Andika namba ya till kwenye mstari wake peke yake, herufi nene za ukubwa wa 22, tarakimu bila nafasi katikati ili inakilike nzima. Juu yake andika "Lipa na M-Pesa, Buy Goods" kwa sababu ndivyo menyu inavyosema, na chini yake jina litakalotokea wakati wa kulipa. Mteja akiliona jina lilelile, hana shaka.

iPhone huweza kudhani till ni namba ya simu na kuigeuza kiungo cha bluu chenye mstari chini. Mtu akigusa, simu inaita till. Kichwani mwa msimbo wa barua weka mtindo wa "a[x-apple-data-detectors]" wenye "color:inherit; text-decoration:none" ili angalau isionekane kama kiungo.

#14 — kibuye_picha

Kuhusu picha, nami nichangie.

Chora mara mbili ya upana utakaoonyeshwa. Picha itakayokaa 600 iandae 1200, halafu kwenye msimbo andika width="600" pamoja na "width:100%; max-width:600px; height:auto; display:block". Usipoweka height:auto na msimbo ukawa umetaja urefu wa picha, kwenye simu picha inabanwa upana na kubaki na urefu wake, ngege anakuwa mrefu kama kamongo aliyesimama. Usipoweka display:block, unapata mstari mweupe wa pikseli chache chini ya kila picha.

Uzito: JPEG kwa ubora wa 60 hadi 70 inatosha kwa 1200 ambayo jicho litaiona kwenye 360. Mimi hulenga chini ya KB 150 kwa picha kubwa na chini ya KB 500 kwa barua nzima. Mteja wa Ahero au Chwele anafungua kwa bando lake, na picha ya MB 4 iliyotoka moja kwa moja kwenye kamera itakuwa bado inazunguka wakati ameshafunga barua. PNG iwe ya nembo tu. SVG Gmail haionyeshi. WebP haifunguki kwenye Outlook ya zamani ya Windows, hivyo kama una wateja wa maofisini baki na JPEG.

Picha usizipachike ndani ya HTML kama maandishi ya base64. Gmail haizionyeshi, na zinanenepesha HTML. Gmail hukata barua ambayo HTML yake inazidi KB 102. Picha za nje hazihesabiwi, ni msimbo tu. Inayokatwa ni sehemu ya chini, yaani anwani yako, kiungo cha kujiondoa, na ile picha ya pikseli moja inayohesabu waliofungua. Sababu kubwa ya kuvuka KB 102 ni kunakili kutoka Word, ambayo huja na mzigo wa mitindo isiyo na kazi. Bandika kama maandishi matupu, kisha pamba upya.

Kila picha iwe na maelezo mbadala ya maneno machache yenye habari: "Ngege wabichi, kilo 1" ni bora kuliko "picha1". Picha ya mapambo tu iachie alt="" tupu ili kisomaji kiipite. Na picha inayosogea ianze na fremu yenye ujumbe, maana matoleo kadhaa ya Outlook huonyesha fremu ya kwanza tu.

#15 — bungoma_hoteli

Nembo yetu ni nyeusi kwenye PNG isiyo na usuli. Baadhi ya wateja wanasema haipo kabisa.

#16 — kibuye_picha

Hali ya giza. Usuli mweupe umegeuzwa mweusi, nembo nyeusi imezama humo. Programu haigeuzi picha, hugeuza rangi za usuli na maandishi. Zungushia nembo ukingo mweupe wa pikseli 2 hadi 4: kwenye usuli mweupe hauonekani, kwenye giza unaiokoa. Au iweke juu ya kibao cha rangi yenu kilicho ndani ya picha yenyewe.

Apple Mail hufuata maagizo yako ukiandika "color-scheme: light dark" na kanuni ya "prefers-color-scheme". Gmail haizifuati. Hubadilisha rangi kwa hiari yake, na ile ya iPhone hubadilisha kwa nguvu kuliko ya Android. Kwa hiyo chagua rangi zinazovumilia kugeuzwa: kijivu kizito #222222 badala ya nyeusi kabisa, na kitufe cha rangi ya kati kama kijani cha majani ya chai au bluu ya ziwa, chenye maandishi meupe. Tofauti kati ya maandishi na usuli isipungue 4.5 kwa 1. Kijivu chepesi juu ya nyeupe hakisomeki juani, na wateja wengi wa sokoni husoma wakiwa juani.

#17 — sheria_ksm

Wadau, mpangilio mzuri hausaidii barua ikiingia kwenye taka, kwa hiyo niseme mawili.

Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019, kifungu cha 37, huwezi kutumia data ya mtu kibiashara bila ridhaa yake ya wazi au ruhusa ya sheria. Namba na anwani zilizoandikwa kwenye kitabu cha wageni cha getini si ridhaa ya kutumiwa ofa. Kwenye fomu weka kisanduku ambacho mteja anakitia alama mwenyewe, na uhifadhi tarehe. Kanuni za Jumla za 2021 nazo zinataka mteja aelezwe kwenye kila ujumbe kwamba anaweza kujitoa, na njia iwe rahisi. Kwenye simu "rahisi" maana yake ni kiungo cha maandishi ya 14, mstari wake peke yake, kisichogusana na viungo vingine, na kisichodai kuingia kwa nywila.

La pili ni la Google na Yahoo. Tangu Februari 2024, kila mtumaji anapaswa kuwa na uthibitisho wa domeini, na anayetuma zaidi ya barua 5,000 kwa siku kwa akaunti za Gmail anapaswa kuwa na SPF, DKIM na DMARC zote (rekodi zinazothibitisha kwamba barua imetoka kweli kwenye domeini yako), na kujiondoa kwa mguso mmoja. Malalamiko ya taka yasifike asilimia 0.3. Ukiweka kijajuu cha List-Unsubscribe, Gmail huonyesha "Jiondoe" karibu na jina lako, na aliyechoka anakigusa hicho badala ya kukuripoti kama taka. Wanaotuma kwa huduma ya barua wakitumia anwani ya @gmail.com hawatapita DMARC, kwa sababu domeini si yao. Chukua .co.ke.

#18 — agrovet_kitale

Tunatuma 900 tu kwa wiki. Hayo ya DMARC yanatuhusu?

#19 — sheria_ksm

Kwa wachache SPF au DKIM inatosha kwa masharti, ila weka zote tatu. Ni rekodi tatu kwenye DNS (mipangilio ya domeini yenu) na huduma yenu ya kutuma itawapa mbili kati yake. DMARC anzeni na "p=none" (kuangalia tu) msome ripoti kabla ya kukaza.

#20 — agrovet_kitale

Sawa. Swali la mwisho. Nimerekebisha barua, nimejitumia majaribio manne. Kwenye simu la nne linaonyesha kichwa na picha tu, vingine vimemezwa na nukta tatu. Na je, nitajuaje imefaulu?

#21 — msimbo_kakamega

Nukta tatu si kosa lako. Barua za kichwa kimoja kutoka mtumaji mmoja Gmail huziweka kwenye mazungumzo mamoja na kuficha yanayojirudia. Kila jaribio lipe kichwa tofauti: "Jaribio 5", "Jaribio 6".

Jaribu kwenye simu halisi tatu: Android ya bei nafuu yenye skrini ya 360, iPhone yoyote, na simu yenye akaunti ya kazini ndani ya Gmail. Kila moja kwa mwanga na kwa giza, picha zikiwa zimewashwa kisha zimezimwa. Halafu gusa kila kiungo kwa kidole gumba ukiwa umesimama, pamoja na ukurasa kinakopeleka, maana barua nzuri inayompeleka mtu kwenye ukurasa wa upana wa 1200 imekwama palepale.

Kufaulu usikupime kwa waliofungua. Tangu iOS 15 ya 2021, Apple Mail hupakua picha zenyewe kwa aliyewasha ulinzi wa faragha, hata barua isiposomwa, na idadi inavimba. Hesabu waliogusa kitufe, ujumbe wa WhatsApp ulioingia na yale maneno yako ya "?text=", na malipo kwenye till siku mbili zinazofuata.

#22 — agrovet_kitale

Nimebadilisha vichwa, yote yanaonekana. Jedwali la 600 limeondoka, herufi ni 16 na bidhaa ziko safu moja. Kilichobaki ni namba ya till, bado ni bluu kwenye iPhone ya mhasibu.

#23 — mama_mboga_digital

Ule mtindo umeuweka ndani ya kanuni ya skrini ya chini ya 480? Utoe nje uusimamishe peke yake, na uongeze "!important" kwenye kila sifa.

#24 — agrovet_kitale

Ulikuwa ndani. Sasa ni nyeusi.